Mvuta Ukanda

Kukereza ni kazi ya watu wawili
ingawa bakuli hutajwa kwa jina la mmoja.
Mjomba Qurbonsho hushika patasi.
Mimi huketi sakafuni, nyayo nimezikita gogoni,
ukanda wa ngozi umezungushwa mara mbili kwenye mhimili:
mkono wa kulia, mti unakuja, chuma kinauma;
mkono wa kushoto, mti unarudi, chuma kinapumua.
Miaka tisa. Namjua mjomba kwa magoti yake
na kwa maranda yanayoninyeshea kitambaani.

Mforosadi wa Bibi Savsan ulikatwa mwezi Machi,
theluji bado imejificha nyuma ya zizi.
Barabara ya malori ilidai mita tatu.
Mhandisi alishuka na kopo la rangi nyekundu,
akatia alama kwenye gome, kisha akanong'ona, "Samahani,"
akidhani sote tunautazama mto.
Msumeno ulichukua robo saa.
Vizazi vinne, robo saa, na wakati wa chai ukabaki.

Ndipo ugomvi ukaanza.
Niyozbek alitaka kuni. Gulbegim alitaka kizingiti kipya.
Watoto walitaka tawi lile lililojipinda kama shingo ya farasi.
Bibi Savsan alikalia kisiki kingali kinatoa maji,
sketi inamlowa, akasema:
mwaka ule barabara ilipofungwa na bunduki
tulisaga forosadi kavu, tukala unga wake,
asubuhi mtamu, jioni mtamu,
hata utamu wenyewe tukauchukia.
Nyumba kumi na moja zilikula hapa.
Sikuzihesabu wakati ule. Nazihesabu leo.
Kila nyumba bakuli moja. Yatakayobaki, chomeni.

Mti mbichi haungoji;
ukicheleweshwa hujipasua kwa hasira zake.
Tulianza jioni ileile,
maji ya mti yakinirukia midomoni,
karakana nzima njano ya binzari,
njano ambayo jua huigeuza, polepole, kuwa chai.

Binamu Shodmon alituletea mota kutoka Moscow,
anakopaka rangi nyumba za watu.
Mota haipumui. Huzunguka upande mmoja
kama mgeni anayesimulia asiulize hali.
Ilirarua bakuli la tatu, kisha umeme ukakatika.
Mjomba akaifunika blanketi, taratibu, kama mgonjwa.
Tukarudi kwenye ukanda.

La tisa ndilo lililotuvunjia patasi.
Ndani kabisa, chuma: kulabu iliyomezwa na mti.
Tukamwita Bibi. Akaigusa kwa kidole.
"Bembea ya kaka yangu," akasema, basi,
akaondoka na bakuli vilevile, halijaisha,
na kulabu yake, na ufa wake.
Usipoziba ufa, husema watu.
Yeye hakuuziba. Huwekamo vitu vikavu.

Pale chuma kilipogoma, mjomba aliteguka kifundo cha mkono.
Akaketi sakafuni, akauchukua ukanda.
"Shika," akaniambia, akinisukumia patasi ya pili.
Kwa mara ya kwanza niliuona utosi wake,
upara mdogo wa ukubwa wa sarafu.
Na nikagundua, baada ya miaka tisa:
mjomba hajui kuvuta!
Anakurupuka, anachelewa, anavuta huku anawaza mengine.
Nilimwambia, "Sikiliza mti," maneno yake mwenyewe,
akaninunia mpaka adhuhuri.

Bakuli la kumi lina mawimbi ndani.
Supu ikikaribia kwisha, kijiko huyahisi.
Alipewa Niyozbek, yule wa kuni.
Hajalalamika. Huuliza tu, akinikuta kisimani,
kama litapatikana jingine la namna ile.

Barabara ilikamilika Septemba.
Lori likipita usiku,
katika nyumba kumi na moja kitu hugonga rafu,
kidogo, mara moja.
Kwa Bibi Savsan huongezeka mlio wa chuma.