Vipimo vya Ladislausi Chilumba

Kifua thelathini na nne. Kiuno ishirini na saba.
Huu ndio ukurasa wa kwanza wa kaka yangu
katika daftari la cherehani, Nachingwea, mwaka sitini na tisa,
alipokuja na pazia kuukuu la misheni ya Ndanda kwapani
akasema: Nishonee sketi. Mimi ni Mskoti.

Nikacheka hadi sindano ikanichoma.
Walikuwa wanaigiza habari za karanga,
zile zilizokataa kuota, na reli iliyozifuata
ikang'olewa kabla haijazoea njia.
Ladi ndiye Bwana Makinto, bingwa wa matrekta.
Uso kaupaka unga wa muhogo;
joto la bwaloni likausonga ugali mashavuni,
naye haachi, anaviringisha r zake
kama changarawe ndani ya debe,
anauamuru udongo uzae.

Udongo haukuzaa. Watu walivunjika mbavu.
Mama peke yake hakucheka.
Alikuwa amewahi kumfulia nguo Mskoti wa kweli,
zamani zile, kwa senti.
Usiku, akipepeta mchele, akasema:
Yule hakuwa akifoka.
Alikuwa akikaa barazani, anatazama mbinguni,
halafu anaomba chai.

Kesho yake Ladi hakupaka unga.
Alikaa. Akatazama juu, kwenye bati la bwalo,
muda mrefu mpaka mtoto mmoja akaanza kulia.
Kisha akaomba chai.
Mimi nasema kazi yake ilianza hapo,
ingawa yeye aliihesabu tangu Dar es Salaam,
tangu mshahara wa shirika na picha gazetini.

Kiuno thelathini na moja: polisi, koti la kaki, vifungo vinne.
Redioni hakuhitaji nguo, kwa hiyo miaka sita daftari ni kimya,
ila barua moja: Dada, leo nimekuwa mvua.
Kiuno thelathini na nane: zama za kanda.
Hapo akawa mganga, akawa baba mkwe, akawa maiti.
Alikufa mara tisa, zote kabla ya nusu saa.
Walimlipa kreti la soda, au nauli,
nayo nauli iliishia Kibiti.
Akija nyumbani, watoto wa banda la video
humwona kavaa joho la hakimu,
wanaliambia lile skrini: Makinto! Makinto!
Naye, nyuma kabisa, kwenye benchi,
huinua kofia.

Ukurasa wa mwisho nimeandika jina tu.

Jana kaja kijana wa chuo cha ualimu,
kifua thelathini na mbili, shingo ya twiga.
Wanaufufua mchezo. Anaitaka sketi.
Ipo. Panya wamelamba pindo, nikalikunja upya,
nikamvalisha, nikaweka pini.
Papo hapo akaanza kufoka,
mikono juu, r zinamwagika sakafuni.

Nikamwambia: Ngoja.
Nikaketi kwenye stuli ya cherehani,
miaka yangu sabini na minne, magoti yakilia.
Nikatazama bati. Nikatazama
mpaka nikaisahau pini iliyokuwa kati ya midomo.
Nikaitoa. Nikaomba chai.

Kijana, na sketi yake ya pazia,
aligeuka kweli
kutafuta birika.