Waya wa Mita Kumi

Dukani Ruwi walitaka riali moja na nusu.
Nikavutana nao hadi moja na baisa mia mbili;
zile mia tatu nikarudi nazo mkate.

Kompyuta ya mezani iko sebuleni, nzito kama deni.
Laptopu ya Thuwayba chumbani, kioo kina ufa.
Waya ukapita chini ya zulia,
ukazunguka mtungi wa gesi,
ukabanwa na mlango.

"Zinaonana?"
"Bado."
Nikachomoa, nikapuliza vumbi la Mabela,
nikachomeka na bismillahi.
Taa ya kijani ikapepesa.

"Baba, njoo."

Picha ya bibi yake inafunguka kidogo kidogo:
mtandio kwanza,
kisha paji,
kisha lile jino la dhahabu
alilokataa kuliuza.