Siku ya Pili, Jeju

Miaka sita nimeshika daftari la upatu.
Kila Jumamosi, kabla soko halijafungwa,
nilipita meza kwa meza kule Daegu,
kwa Malsun wa dagaa, kwa Jeomrye wa tofu,
kwa Okbun na vilima vyake vya vitunguu saumu,
noti zikinijia na harufu za wenyewe.
Leo tuko Jeju, wanawake ishirini na watatu,
na mvua inanyesha kama iliyolipiwa.

Kijana anayetutembeza, Seongu, ana kibendera cha kijani
kilicholowa kikajikunja kwenye kijiti
kama mchicha uliotoka chunguni.
"Kulia kwenu," anasema, "ni mlima Halla."
Vichwa vyote vinageuka kulia.
Kulia kuna ukungu.
Tunaupiga picha.

Kisha maporomoko.
"Maji juu, maji chini," anasema Malsun,
"na mimi nimelipa kuyaona yakisalimiana!"
Wanacheka. Mimi sicheki.
Tumevaa makoti ya plastiki ya manjano,
tunafanana na vifaranga vya dukani,
na kila anayeteleza kwenye ngazi za mawe meusi
naona kama nimemwangusha mimi.
Ni mimi niliyeweka kidole kwenye kalenda
nikasema mwezi huu hoteli ni nafuu,
wala sikujiuliza nafuu hiyo inatoka wapi.

Kituo cha tatu hakimo kwenye ratiba:
duka la unga wa mifupa ya farasi.
Mwanamume mwenye koti jeupe, asiye daktari,
anatugonga magoti kwa zamu, anatega sikio
kama anayechagua tikiti maji.
Anataja bei. Kimya.
Hajui amejifungia ndani na wachuuzi.
Jeomrye anaanzia robo ya bei, kwa upole,
anamuulizia na mama yake hajambo.
Nusu saa baadaye bwana yule anatusindikiza mlangoni,
ametugawia taulo ishirini na tatu za bure,
na unga wake wote bado uko rafuni.

Ndani ya basi nahesabu: ishirini na mbili.
Nahesabu tena, safari hii kwa kugusa mabega.
Ishirini na mbili, pamoja nami.
Okbun hayupo.
Dereva, mzee Bu, anawasha wipa, anazima, anawasha.
Narudi mbio, viatu vinalia kwachu, kwachu,
hadi nyuma ya mgahawa wa jirani,
na pale, chini ya bati,
Okbun amekaa kigodani na mwanamke asiyemjua,
beseni katikati, wanamenya vitunguu saumu.
Hawaongei. Lahaja ya mwenyeji
mgeni haipati hata nusu.
Visu viwili vinakwenda pamoja.
"Kaa," ananiambia bila kuinua macho.
"Miaka sita nimesubiri kupumzika,
na tangu jana mikono inaniuliza
imenikosea nini."

Nakaa. Kidogo tu, nasema.
Mvua inatwanga bati, inateremkia ukuta
wa mawe yaliyopangwa bila udongo, matundu kila mahali;
mwenyeji anavimba mashavu, anapuliza, anaonyesha kwa kiganja:
upepo upite, ukuta usianguke.
Nalitoa daftari chini ya plastiki.
Limelowa lote. Wino umevimba,
wa dagaa amemmwagikia wa tofu,
sijui tena nani alichelewa kulipa, mwezi gani,
nani nilimvumilia, nani nilimnunia.
Naliweka chini, upande wa mawe.
Nachukua kisu.

Honi inalia. Inalia tena, ndefu.
Halafu mlango wa basi unafunguka kwa kishindo
na vifaranga wanaanza kushuka, mmoja mmoja,
taulo vichwani, wanaruka madimbwi,
Malsun mbele, anapaza sauti beseni jingine liko wapi,
kila mmoja anatafuta kitu cha kukalia,
na nyuma kabisa Seongu, kibendera juu,
anauliza kama hapa napo
ni kituo.