Pembeni mwa Ukucha

Kazi yangu ni kuchomelea mabomba, hapa Lanzhou,
ng'ambo ya daraja la chuma. Moto naujua:
wa buluu, wa kupiga kelele, wa kutoboa macho.
Huu wa tabibu Ge haukuwa na sauti.
Kijiti cha pakanga iliyosokotwa, kinene kama dole gumba,
ncha yake nyekundu mithili ya jicho la aliyekesha.

"Hapa," alisema, akamshika Yulian kidole cha mwisho cha mguu,
kile kinachojibanza nyuma ya wenzake.
"Upande wa nje, pembeni mwa ukucha, umbali wa punje ya mtama."
Jina lake Zhiyin: kuwasili kwenye yin.
Njia huanzia pembeni mwa jicho, jirani na pua,
hupanda utosi, huteremka mgongo mzima,
paja, kisigino,
na hapa ndipo inapokoma
au inapokabidhi.
Anayegongwa na kichwa hutibiwa hapa, aliyeziba pua vilevile.
"Lakini ninyi hamkuja kwa ajili ya pua."

La. Tulikuja kwa mtoto aliyekaa kitako,
wiki ya thelathini na nne, kichwa chini ya mbavu za mama
kama abiria aliyefika kituoni akakataa kushuka.
"Maji yangali mengi," alisema tabibu.
"Udongo huwahiwa ungali maji."

Siku kumi. Dakika kumi na tano kila mguu.
Usiku wa kwanza nilisogeza mno, nikala teke la sikio.
"Mimi si bomba, Jianping."
Basi nikajifunza umbali:
joto lifike, moto ubaki nyuma.
Pazia likanuka pakanga, mashati, hata tambi.
Bi Kou wa ghorofa ya juu akagonga sakafu kwa ufagio
akidhani tunateketea;
kesho yake akaleta mto. "Mwekee chini ya magoti."
Mara nyingine kilima kilitembea chini ya fulana,
kikaghairi, kikarudi palepale.

Siku ya tisa nilichelewa. Bomba lilipasuka Anning,
baridi ya kung'oa meno.
Nilimkuta amelala, nyayo nje ya blanketi.
Sikuwasha kitu.
Nilikishika tu kile kidole, kwa mikono inayonuka chuma,
hadi kikapata joto,
au mikono ndiyo iliyolipata.

Asubuhi, kwenye picha ya tumbo, kichwa kilikuwa chini.
Nikamuuliza tabibu Ge: ni moto, au ni mikono?
Alikuwa akifuta miwani.
"Wengine hugeuka wenyewe. Wengine hawageuki abadani.
Wewe kalipe pale dirishani."

Sasa ana miaka mitatu.
Tunamlaza kichwa kwenye mto, kama watu;
alfajiri namkuta miguu usoni kwangu,
na kidole chake cha mwisho, ukucha kama ganda la ufuta,
kimeegemea pembeni mwa jicho langu,
pale njia inapoanzia.