Matone Kumi na Tisa

Bibi Visitación Bielsa, ghorofa ya nne, lifti mbovu,
alipiga simu mara tatu katika wiki moja
kulalamika kwamba maji yamekuwa laini.

Nimepima maji ya Zaragoza miaka ishirini na miwili.
Nimelaumiwa kwa klorini, kwa kutu,
kwa vioo vya bafuni vyenye madoa kama ya maziwa,
kwa nywele za bibi harusi zilizokakamaa kama katani.
Lakini ulaini? Hilo lilikuwa geni.

Nikapanda ngazi na mkoba wangu:
chupa, dawa, karatasi tatu za kujaza.

Ushahidi alikwisha uweka mezani.
Sufuria ya dengu, rojorojo, hazitazamiki.
"Miaka arobaini naziloweka na kijiko cha magadi,
maana maji yetu yalikuwa na kiburi,
hayakukubali kitu kiive bila kubembelezwa.
Sasa nikigeuka tu kufunga dirisha, tazama!"
Akasugua mikono kwa sabuni mbele yangu,
povu likaumuka hadi viwikoni.
"Na haliishi. Nasuuza, nasuuza, bado nateleza
kama samaki aliyekataa kununuliwa."

Sikucheka. Nilimweleza, kazi inataka maelezo,
kwamba zamani mji ulikunywa maji yaliyolamba mawe ya chokaa njia nzima,
na sasa bomba kubwa linaleta maji ya theluji kutoka milimani,
ambayo hayakukaa na jiwe lolote
muda wa kutosha kujuana.
"Nimeonja," akasema. "Hayana mtu ndani."

Kisha akatoa birika.

Nimeona mabirika. Hili lilikuwa pango.
Ukoko mweupe, mnene kama ganda la mkate,
umebakiza nafasi ya vikombe viwili.
Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi
Jenaro alilichemsha na siki, madirisha wazi,
akikohoa, akiulaani mto na waliouzaa,
mpaka bati likang'aa.
Jenaro alikufa Februari, siku ya Alhamisi.
Jumamosi ile hapakuwa na siki.
Wala iliyofuata.
Miaka kumi na moja maji yakapanga tabaka juu ya tabaka,
"nami nikayaacha. Nyumba nzima
hicho tu ndicho kilichokuwa kinakua."

Tangu bomba jipya, ukoko umegoma.
Hupima kwa sindano ya kufumia:
alama ya wino haijasogea tangu Oktoba.

Hilo ndilo lilikuwa lalamiko.

Nikafanya kazi yangu. Nikakinga maji,
nikatia rangi, yakawa mekundu kama divai,
nikaanza kudondosha dawa nikihesabu kwa sauti
kwa sababu alitaka kusikia.
Chururu si ndondondo, husema watu;
mimi mshahara wangu ni ndondondo.
Zamani ningefika thelathini na nne.
Kwenye kumi na nane yalisitasita, zambarau.
Kwenye kumi na tisa yakageuka buluu, yote kwa pamoja,
kama mtu aliyechoka kubisha.

"Kumi na tisa," akarudia. "Kwa hiyo jiwe bado limo."
"Bado limo. Dogo."
"Basi litachelewa tu."

Kwenye karatasi niliandika: rangi, hakuna. Harufu, hakuna.
Ugumu, wa wastani. Ubora, mzuri.
Palipoandikwa *Lalamiko lina msingi?*
kalamu ilikaa muda, nikaandika *ndiyo*,
nikajua Jumatatu nitaitwa ofisini kujieleza
na sitakuwa na la kusema.

Akachemsha maji ya kamomili, vikombe viwili,
birika halikuruhusu zaidi.
Chengachenga nyeupe zilielea juu.
Yeye alizipuliza kando, kama mtu anayemfukuza paka asiye msumbufu.
Mimi nilikunywa nazo.
Moja ikakwama jinoni, nikaitafuna ngazi zote nne kushuka.
Sijui ilikuwa ya mwaka gani.