Ubavu wa Kushoto

Saa saba usiku. Langoni yote imelala
isipokuwa punda mmoja nyuma ya ghala la saruji,
na mimi.

Nalala chali, ubao wa mbambakofi ungojao patasi.
Kiuno kinagoma. Kinaniuliza:
miaka thelathini na nne umenikalisha sakafuni,
goti moja umelikunja, la pili limebana mwimo wa mlango,
leo ndio wataka ninyooke?

Nageuka kifudifudi. Shingo nayo.

Nageuka kulia, nilivyofunzwa chuoni,
kiganja chini ya shavu, dua mdomoni,
na bega la kulia, bega la nyundo,
linawaka.

Kinyozi hajinyoi, wasema.
Hawajamwona seremala na kitanda.
Nimechonga samadari sita za maharusi,
waridi kichwani, mawimbi miguuni,
sikumuuliza hata mmoja alilalaje.
Nimechonga milango,
na nyuma ya milango yangu watu wanakoroma.

Daktari kijana pale hospitali
alinichorea mtu nyuma ya karatasi ya dawa.
Mtu wa vijiti. Ubavu wa kushoto,
magoti yamekunjwa kidogo,
na katikati ya magoti, kiduara.
"Huu ni mto, baba."
Nikacheka. Mto wa magotini ni wa waja wazito!
Lakini yule mtu wake, asiye na macho wala pua,
alikuwa amelala.

Karatasi imekaa kidakani siku tisa, chini ya kopo la misumari.

Kushoto ni kwa Mwanasha.
Sikuupanga mgongo huu umwelekee yeye;
ni ubavu wa kulia tu, ni mazoea,
nami nikautazama ukuta na zidaka zake
tangu Shali wetu hajazaliwa,
na sasa Shali ana ndevu.

Usiku huu bega limenishinda hoja.
Nageuka polepole, kamba za kitanda zinalalama,
chandarua chanigusa sikio,
na mbele yangu, karibu kama kazi iliyo mkononi,
macho mawili. Wazi.

"Huyalala?"
"Siyalala."
"Tangu lini?"
"Tangu ulipoanza kujigeuza kama mkate wa kumimina."

Sikumwambia mkate wa kumimina haugeuzwi.
Alikuwa keshainua kichwa,
ameuchomoa mto wake wa sufi, wenye joto la shavu lake,
akausukuma chini huko, magotini mwangu,
bila kuuliza, bila kuwasha taa.
Kumbe naye aliiona ile karatasi.

"Na wewe utalalia nini?"
Akauvuta mkono wangu, ule wa nyundo,
akaupima, akaukunja, akauweka anavyotaka.
"Una mifupa mingi," akasema.
"Tulia."

Punda akalia tena. Nikaanza kumhesabia.
Sijui kama nilifika tano.

Alfajiri mto ulikuwa sakafuni,
mkono umekufa ganzi hadi kwapani,
nami nikakaa kimya, sikuuchomoa,
mpaka mwadhini alipokohoa kwenye kipaza sauti.