Ngoma ya Dakika ya Pili

Narekodi ndani ya kabati la nguo,
kati ya koti la dada yangu Jagoda na lile jekundu lisilonitosha tena,
kwa kuwa sufu humeza mwangwi
na kipaza sauti changu cha bei chee husikia kila kitu:
lifti, tumbo langu, theluji ikiporomoka kutoka paani.
Nje ni Lodz, ni Januari, ni saa nane ya usiku.
Mikono inanuka dawa ya kufulia mashuka ya hospitali,
kodiani nimeipakata kama mtoto mwenye homa,
na kitufe chake cha tatu, tangu alipokufa shangazi, hakilii.
Nimejifunza kutunga kwa kukiruka.

Wasemao chema chajiuza
hawajawahi kupakia wimbo usiku wa manane
kisha wakakaa kuitazama namba.
Saba.
Asubuhi, saba.
Na katika hao saba watatu ni mimi:
mimi wa simu, mimi wa kompyuta,
mimi wa simu ya Jagoda alipokuwa akioga.
Wanne waliobaki siwajui.
Nawapenda kupita kiasi.

Malipo ya mwaka jana yaliingia mwezi wa tatu:
groszi arobaini na moja.
Nilichapa risiti nikaibandika jikoni
kando ya bili ya umeme, zichekane.

Usingizi ukigoma, hutoka kutafuta.
Sifuati njia kuu, huko wenye nacho wanapigiana kelele;
nashuka chini, chini kabisa ya orodha,
kule ambako namba ni sifuri, ni moja.
Nimemkuta kijana wa Hobart anayerekodi maji ya mfereji.
Nimemkuta mama wa Tbilisi, Nanuli,
anaimba akifuata mngurumo wa mashine ya kufyonza vumbi
wala hakosei hata nusu noti.
Nimeikuta bendi ya Sapporo, watu wanne,
wimbo mmoja tu, wa miaka tisa iliyopita;
mwishoni mtu anakohoa, mwingine anacheka, basi.
Msikilizaji mmoja.
Nikawa wa pili.
Nikalala kama niliyelipwa.

Halafu Jumatano likaja neno kutoka Valdivia, Chile,
kwa Eleuterio, fundi wa meno, mpiga klarineti:
"Ile ngoma ya dakika ya pili,
inayoingia kwa kuchelewa, kama mtu mwenye hasira anayejizuia,
umeitoa wapi? Nimeirudia mara thelathini."

Ngoma? Sina ngoma.
Nikavaa hedifoni.
Dakika ya pili: ko. Ko-ko. Ko.
Mzee Wieczorek wa ghorofa ya chini
na spana yake juu ya bomba la joto,
akinikanya ninyamaze.

Nilishuka na simu mkononi, na aibu usoni.
Alifungua akiwa na soksi mguu mmoja.
Alisikiliza amesimama, sikio ameligeuzia ukuta,
dereva wa tramu wa miaka thelathini na miwili,
kana kwamba anangoja kengele ya kituo.
"Huyo ni mimi?"
"Ni wewe."
"Nimefika wapi?"
Nikamwambia. Akaleta atlasi ya shule,
yenye nchi ambazo nyingine hazipo tena,
akashuka na kidole hadi karibu na mkia wa dunia,
akakiacha hapo.
"Mwambie huyo bwana sikuwa napiga ngoma.
Nilikuwa namkanya jirani asiye na adabu."
Akafunga mlango, taratibu kuliko kawaida yake.

Leo Eleuterio ametandika klarineti juu ya kodiani yangu.
Katikati ameacha uwazi, mapigo manne,
pa kuingilia bomba.
Nimo kabatini. Taa nyekundu inawaka.
Chini, kimya;
sasa anajua kwamba anasikika, ameona haya.
Naongeza sauti kidogo.
Nangoja.